Safu ya Sababu

Msimu ule nilikuwa karani wa muda pale Kitangari,
ghala la ushirika, meza ya pili kutoka kwenye mizani.
Kazi yangu kusoma majina
na kuandika neno moja kwa kila asiyeitika.
Fomu ilikuwa na safu nyembamba, haimezi sentensi.
Sababu, ilisema juu. Basi.

Mwanzo niliandika hayupo kwa wote,
kama mtu anayepaka chokaa bila kutazama nyufa.
Chande Mnonjela, hayupo.
Rukia Nantimbwa, hayupo.
Dadi Likwemba, hayupo,
na hapo mwanamke akanyanyuka juu ya gunia,
vumbi jekundu limemfika magotini.

"Karani, hayupo wapi?"

Nikacheka kidogo. Hayupo ni hayupo, mama.

"Hapa mezani pako hayupo, sawa, hata mimi naona.
Nyumbani kwangu hayumo, kitanda kinajua.
Newala yote hayuko.
Sasa wewe umeandika ipi?"

Foleni ikaguna. Sikuwa na jibu.
Nilifaulu Kiswahili kidato cha nne;
pa, ku, mu nilivijua kama orodha ubaoni,
sikujua kuwa mtu anaweza kulala navyo
kitanda kimoja.

Jina lake Somoe. Mumewe alivuka Ruvuma
mwaka ule mikorosho ilipokauka maua kwa ubwiri unga,
kutafuta kibarua Msumbiji. Alisema mwezi.
Ukimpigia, yule dada wa mtandao anajibu
haipatikani kwa sasa,
na Somoe aliipenda ile kwa sasa,
akawa anapiga hata bila shida, aisikie tu.

Mwenyekiti akaja, kofia mkononi, mtu mwema.
"Tuandike hakurudi. Miaka minne, dada yangu.
Ukisema hakurudi faili linafungwa, tunaita mashahidi,
malipo ya pili yanakuja kwako, na ya mwaka jana pia.
Siyo dhambi. Ni karatasi."

Nikaweka kalamu kwenye safu. Ha. Ku.

"Ngoja," akasema Somoe. "Hajarudi."

"Si ni yale yale?"

Hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.
"Una mama?"
Ninaye.
"Ukifika usiku ukamwambia sikula,
atakuuliza kwa nini, utamweleza, mtalala.
Ukimwambia sijala,
atainuka akatafute sahani."

Hakuna aliyecheka.
Hata mpima, ambaye hucheka gunia likipasuka,
alishika ndoano ya mizani akanyamaza.

Mwenyekiti akamhesabia: bati za jikoni,
ada ya binti, deni la salfa.
Somoe akasikiliza yote, akaikubali kila shilingi,
hakukana hata moja.
Kisha akasema hapana.
Haikuwa la, ile ya kugonga meza,
wala sitaki, ambayo ingemtia mzee yule aibu.
Hapana ya polepole,
ya mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Nikakata nilichoandika, nikaandika hajarudi.
Herufi mbili. Sijui bati ngapi.
Akainama kuangalia, ingawa nadhani hakujua kusoma,
au hajajua; sasa naogopa kusema.
Akaniomba nimwoneshe ilipo ile ja,
akaigusa kwa ukucha, akaondoka na gunia tupu kwapani.

Usiku ule nilirudi nimeshiba.
Tulikula mihogo ya kuchemsha na wapagazi, mingi, na chumvi.
Nyumbani taa imezimwa.
Mama akauliza kutoka chumbani, sauti imejaa usingizi,
kama anavyouliza siku zote: umekula?

Nikasimama mlangoni na tumbo langu lililojaa.

Sijala, nikasema.

Nikasikia kitanda kikilia, kisha kiberiti.